Kifafa cha kusinzia kichwa: maradhi, utafiti na hukumu zake

Mikumi imo ndani ya wilaya ya Kilosa, moja ya maeneo ya Tanzania yenye ugonjwa wa usubi. Barabara ya kusini kutoka Mikumi kupitia Ifakara hufika Mahenge, ambako maradhi haya yamechunguzwa kwa zaidi ya miaka 60. Mtu wa visiwani aliyeoa au anayefanya biashara upande huo anahitaji kuyajua.

Dalili zake

Huanza utotoni. Kichwa cha mtoto huanguka mbele mara kwa mara kama anayesinzia, mara nyingine pale anapoletewa chakula. Baadaye wengi hupata kifafa kamili, na baadhi hudumaa mwili na akili hata wakaacha skuli.

Utafiti umeonesha nini

Daktari Louise Jilek-Aall wa Norway aliyaona Mahenge miaka ya 1960 alipofungua kliniki ya kifafa. Mwaka 2008 Andrea Winkler na wenzake waliandika habari za wagonjwa 62 wa hapo hapo.

Uhusiano na usubi umezidi kuwa wazi. Usubi ni minyoo inayoenezwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito ya maji ya kasi. Nchini Kameruni, watoto waliopimwa miaka ya mwanzo ya 1990 walifuatiliwa hadi ukubwani. Waliokuwa na vimelea vingi zaidi ndio waliopata kifafa zaidi. Mwaka 2018 uchunguzi wa ubongo wa wagonjwa 5 waliofariki Uganda ulikuta protini ya tau, ambayo hukutwa pia kwa wazee wenye maradhi ya Alzheimer. Namna minyoo inavyoufikisha ubongo hapo bado inachunguzwa.

Kinga

Dawa ya ivermectin hutolewa bure vijijini. Haiui mnyoo mkubwa bali vijidudu anavyovizaa, na mnyoo huyo huishi miaka mingi. Kwa hiyo kumeza mara moja hakutoshi. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 hawapewi.

Je, ni majini? Je, yanaambukiza?

Kuamini kuwepo kwa majini hakumaanishi kila anayeanguka amepagawa. Dua na ruqya hazizuii hospitali, na kutafuta dawa ni katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.). Mahenge watu waliogopa mate ya mgonjwa, wakamwacha aungue motoni bila kumshika. Kifafa hakiambukizi kwa kumgusa mtu wala kula naye. Mgeuze ubavu, muondoe karibu na moto au maji, wala usimtie kitu mdomoni.

Ibada ya mgonjwa

Anayepoteza fahamu, udhu wake umetenguka; akizinduka atatawadha upya. Aliyeondokewa na akili hana dhambi kwa kuacha sala. Vidonge vya kifafa humezwa kila siku. Muulize daktari kama vinaweza kupangwa futari na daku. Ikiwa kufunga kutamdhuru, ameruhusiwa kula, na kama hatarajiwi kupona atatoa fidia ya kumlisha maskini mmoja kwa kila siku. Kuacha dawa ghafla kwa ajili ya Ramadhani kunaweza kuleta degedege la mfululizo na kifo, na nafsi ni amana.

Wallahu aalam.