Chavua ya Nyuki: Faida Zake na Tahadhari kwa Mtumiaji

Chavua ni unga wa mbegu za kiume za maua. Nyuki vibarua huukusanya, huuchanganya na mbochi kidogo na kuubeba miguuni kama vidonge vidogo vyenye rangi mbalimbali kulingana na maua yaliyotembelewa. Kwa Unguja, minazi na mikandaa ni miongoni mwa miti inayowapatia nyuki malisho. Mfugaji huipata chavua kwa kuweka mlangoni mwa mzinga wavu wenye matundu membamba, ambayo humwangusha nyuki sehemu ya mzigo wake. Wavu huo hautakiwi kuachwa muda wote, kwani chavua ndiyo chakula cha kulelea majana. Mzinga ukinyimwa, kundi hudhoofu.

Chavua ina protini, wanga, mafuta, madini na baadhi ya vitamini za kundi B. Hata hivyo, kiasi kinacholiwa ni kidogo. Kijiko kimoja cha chai, takriban gramu 5, hutoa protini ya gramu 1 hivi, ilhali yai moja hutoa takriban gramu 6. Kwa familia yenye bajeti finyu, kunde, choroko na dagaa bado ni chaguo bora zaidi. Aidha, madai kwamba chavua hutibu kisukari, ugumba au saratani hayajathibitishwa kwa utafiti wa kutosha kwa binadamu, na haifai mgonjwa kuacha dawa alizoandikiwa kwa sababu ya madai hayo.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni mzio. Wapo watu waliopata vipele, uvimbe wa midomo na koo, kubanwa pumzi na hata kuporomoka kwa shinikizo la damu baada ya kula kiasi kidogo tu. Mwenye pumu au mzio wa chavua anapaswa kuiepuka. Wajawazito, wanaonyonyesha na wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wasiitumie bila ushauri wa daktari. Dalili hizo zikijitokeza, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Kwa wakaazi wa Kikwajuni, Hospitali ya Mnazi Mmoja ipo jirani.

Uhifadhi nao ni suala zito katika hali ya hewa ya visiwani. Chavua mbichi huwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 30, hivyo huota ukungu upesi na inaweza kuzalisha sumukuvu. Hukaushwa kwa joto lisilozidi nyuzi 40 na kuhifadhiwa katika chombo kikavu kinachofungwa barabara, mbali na jua. Iliyogandana au yenye harufu ya uvundo itupwe.

Usalama wa chakula Zanzibar husimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA), chini ya Sheria Namba 2 ya mwaka 2006. Mnunuzi aangalie lebo yenye jina la mzalishaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi; chavua inayopimwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo iliyo wazi haina hata kimoja kati ya hivyo.