Rezerve ya okapi ku Epulu: miti, wanyama na watu wa pori ya Ituri

Mutu anayetoka Mambasa kuelekea Nia-Nia kwa barabara RN4 anaingia mu Rezerve ya Wanyama ya Okapi pasipo kuona ukuta wala waya. Pori ni ile ile. Kiisha kilometa karibu 70 anafika Epulu, ku daraja ya muto wenye jina hilo, na ni hapo ICCN iko na ofisi zake. Rezerve iliundwa mwaka wa 1992. Ukubwa wake ni kilometa mraba karibu 13.700, maana yake sehemu moja kati ya tano ya pori yote ya Ituri. UNESCO iliiandika mu Urizi wa Dunia mwaka wa 1996, na kiisha mwaka moja tu ikaitia ku liste ya pahali penye kuwa mu hatari.

Jambo moja watu wengi wanachanganya: rezerve si park. Mu Park ya Virunga, sheria haikubali mutu aishi wala alime ndani. Huku sheria inakubali watu wabakie kwao: Wambuti na Waefe, na wanakijiji Wabila, Walese, Wandaka na Wabudu. Wanaweza kulima ku sehemu zilizopangwa kandokando ya barabara, na kuwinda kwa wavu ao kwa mishale wanyama wasiolindwa, kama vile mboloko, kwa ajili ya chakula cha nyumba. Lakini katikati kuko sehemu ambayo haiwindwe kabisa, na okapi, tembo na soko hawauawe pahali popote. Kuchimba madini pia kunakatazwa.

Muti unaotawala pori hii ni mbau. Kuna pahali ambapo mutu anatembea saa nzima na karibu kila muti mukubwa anaokutana nao ni mbau. Mbegu zake ni nzito. Haziendi mbali na upepo, zinaangukia palepale chini ya mama. Kivuli ni kikali, majani makavu yanarundikana, na miti ingine inashindwa kuota. Mbau mutoto yeye anavumilia kivuli hicho miaka mingi, anangojea muti mukubwa uanguke. Pahali pengine pori ni ya kuchanganyika, na kule mwangaza unafika chini zaidi. Tangu mwaka wa 1994 watafiti wanapima miti mu mashamba ya utafiti ku Lenda na ku Edoro, hekta 40 kwa jumla, na kila muti wenye unene wa sentimeta moja unahesabiwa. Kazi hiyo ilipita mu vita. Mutaalamu wa mimea Corneille Ewango alibaki Epulu wakati wengi walikimbia, akaficha karatasi na mimea iliyokaushwa ili isiharibiwe. Mwaka wa 2005 alipewa Zawadi ya Goldman kwa ajili ya kazi hiyo.

Wambuti hawahitaji mashamba ya utafiti ili kujua miti. Majani ya mangongo ndiyo yanafunika nyumba zao na kufunga chakula, na wakati maua ya miti mikubwa yanafunguka, kambi zinahama kufuata asali. Upande wa kaskazini wa rezerve kuna vilima vya mawe matupu vinavyosimama juu ya pori. Hapo ndipo kunaota *Encephalartos ituriensis*, mumea wa zamani sana unaofanana na mungazi mufupi, na haupatikane kwingine ku dunia.

Okapi naye, Wazungu walichelewa kumujua. Stanley aliposikia habari zake kwa Wambuti, aliandika juu ya munyama kama punda. Kiisha, Harry Johnston, aliyekuwa anatawala Uganda kwa jina la Uingereza, alifika ku poste ya Mbeni, Beni ya leo, akaona askari wamevaa mikaba ya ngozi yenye mistari. Mwaka wa 1901 alipata ngozi nzima na mafuvu mawili kupitia mukubwa wa poste, Muswedi Eriksson, na hapo wataalamu wakaelewa kama munyama huyo si punda milia hata kidogo: ni ndugu ya twiga. Wenyeji walijua siku zote. Hata jina limetoka kwao.

Okapi anatembea peke yake. Jike ni mukubwa kuliko dume, na ni dume tu iko na pembe fupi. Ngozi iko na mafuta, mvua inateleza. Mimba inachukua miezi 14 hivi. Mutoto, kiisha kuzaliwa, anafichwa mu kichaka na anakaa wiki nyingi pasipo kutoa mavi, juu harufu isiite chui. Namna hiyo ya kujificha ndiyo inaeleza kwa nini mugeni anayetembea pori siku tatu anaweza kurudi pasipo kumuona, na mutu asiahidiwe kitu kingine.

Zaidi yake kuko tembo wa pori, nyati wadogo wekundu, bongo, soko, aina 17 za nyani na jamaa zao, na ndege aina zaidi ya 370.

Zamani wageni walikuwa na njia rahisi. Tangu mwaka wa 1952 Epulu ilikuwa na kituo cha kukamata na kufuga okapi, na magari ya watalii yalisimama hapo. Tarehe 24 Juni 2012 watu wa Morgan, Mai-Mai Simba, walivamia kituo. Wakaua watu, kati yao walinzi, wakachoma nyumba, na okapi wote 14 wakaangamizwa. Morgan alikuwa anatetea wenye kuwinda tembo na kuchimba zahabu. Walinzi walikuwa wamemufungia njia ya feza. Yeye mwenyewe alikufa Aprili 2014, lakini zahabu ingali udongoni, na mashine zinaendelea kuchafua maji ya muto Ituri.

Maporomoko ya Epulu, nyimbo za Wambuti usiku, harufu ya mbau kiisha mvua: vyote vingali pale. Anayetaka kwenda achague Januari ao Februari, wakati mvua inapungua na matope ya RN4 yanakauka kidogo. Aulize kwanza hali ya usalama kati ya Komanda, Mambasa na Epulu, kwa sababu mashambulizi mu teritware ya Mambasa yamefunga barabara hiyo mara nyingi. Na akifika, ajionyeshe ku ofisi ya ICCN mbele ya kuingia pori, pamoja na muongozaji Mumbuti.