Mavi ya Chuma na Historia Tusiyoihesabu

Mjadala wetu kuhusu viwanda una kasoro ya kihistoria: huanzia kwenye mkataba. Tukitaja chuma, tunataja Liganga na ule ubia wa mwaka 2011 kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, kana kwamba kabla ya hapo nchi hii ilikuwa na mawe matupu. Mkaa nao tumeugeuza kuwa kesi. Mazingara, kule Handeni, mkaa ni gunia kando ya barabara, kibali na afisa misitu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba milimani Upare, mkaa ulizaa jembe.

Wapare waliosha mchanga mweusi wa vijito, wakapata madini, wakayafua na kuuza majembe hadi Uchagani. Katika masimulizi ya Ugweno aliyoyaandika Isaria Kimambo katika kitabu chake cha 1969, Washana walikuwa wahunzi na watawala pia, hadi Wasuya walipowapindua. Aliyemiliki tanuri alikuwa na nguvu ya kisiasa.

Madini ya chuma ni chuma kilichofungamana na oksijeni. Mkaa ukiungua kwa hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni, gesi inayoichukua oksijeni hiyo na kuacha chuma. Kwa hiyo mkaa ulikuwa zaidi ya moto.

Tanuri lililochunguzwa kwa kina zaidi ni la Wahaya, Kagera. Katika miaka ya 1970 wazee walilijenga upya mbele ya Peter Schmidt na Donald Avery, ambao walichapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 1978. Wanazuoni wengine wamebishia hoja yao kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mirija ya udongo kabla ya kufika kwenye mkaa. Ubishi huo hauninyimi usingizi. Mimi navutwa na jengo lenyewe. Shimo lilikandikwa udongo wa kichuguu. Ndani yake yakachomwa matete. Na ukuta ukainuliwa kwa tope na mavi ya chuma ya matanuri ya zamani. Taka ya jana ikawa tofali la leo. Uchafu ulioyeyuka uliteremkia kwenye matete yaliyoungua, na kwa maelezo ya watafiti hao, kaboni ya matete iliendelea kuondoa oksijeni iliyosalia.

Tusiipambe historia hii. Schmidt mwenyewe aliandika kwamba ufuaji ulichangia kupungua kwa misitu ya Buhaya. Baadaye majembe ya nje yalifurika, nasi tukabaki na mkaa bila tanuri.

Leo Brazili inafua chuma kwa mkaa wa mikaratusi iliyopandwa, na watafiti sehemu mbalimbali wanajaribu kurejesha chuma kutoka kwenye taka za viwanda kwa kutumia mabaki ya mimea. Sisi mabaki tunayo. Katika jani la mkonge nyuzi ni sehemu ndogo mno. Zinazobaki ni taka, na pale Hale, Korogwe, kituo cha majaribio kilikwisha kuzigeuza kuwa biogesi na umeme. Wanafunzi wangu wa historia hunihoji kwa nini wenzao wa uhandisi hawajawekewa mezani, siku moja, gunia la taka za mkonge na ndoo ya mavi ya chuma. Swali hilo nalifikisha wizarani.