Mzazi Anasimama Mlangoni

Mwaka jana mama mmoja alikuja kumtoa mtoto wake kwenye darasa la chekechea ninaposaidia, hapa kambini, mkoa wa Kigoma. Hakuja na ugomvi. Alisema tu: "Mwalimu, huyu anakuja huku kucheza. Kucheza hata nyumbani anacheza. Bora abaki aniangalizie mdogo wake nikienda kuchota maji."

Nikamwambia: "Lakini mama, si ameanza kusema?"

Akanitazama. Tangu wavuke ziwa, mtoto yule wa miaka mitano alikuwa hasemi. Akitaka kitu anaonyesha kwa kidole. Sasa darasani alikuwa anahesabu kwa sauti, wiki ya tatu ile. Sisi tulipiga makofi, tukaandika kwenye daftari letu. Mama yake hatukumwambia.

Aibu hiyo ndiyo ilinifanya nitafute chekechea ilianzia wapi, na mzazi alikuwa na nafasi gani.

Aliyeanzisha ni Mjerumani, Friedrich Fröbel. Mwaka 1837, katika mji wa Bad Blankenburg, alifungua mahali pa watoto wadogo kujifunza kwa kucheza. Mwaka 1840 akapaita Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Mwaka 1844 akatoa kitabu cha nyimbo na michezo ya vidole, na kitabu hicho alikiandika kwa ajili ya akina mama. Kwa hiyo mzazi alikuwemo tangu mwanzo. Fröbel alitaka mama ajue kwa nini mtoto anajenga na vipande vya mbao, ili mchezo huo uendelee mpaka nyumbani.

Lakini mwaka 1851 serikali ya Prusia ilipiga marufuku bustani hizo. Ilimchanganya Fröbel na mpwa wake Karl, ikadhani watoto wanafundishwa siasa na kumkana Mungu. Mzee akafa mwaka uliofuata, marufuku ikaja kuondolewa mwaka 1860. Mimi hapo ninaona jambo moja: mtu asipojua kinachofanyika ndani ya darasa, anajijazia mwenyewe. Serikali ilijaza uasi. Yule mama wetu alijaza mchezo wa bure.

Hadithi inayotugusa zaidi sisi watu wa vita inatoka Italia. Vita vilipoisha mwaka 1945, wanakijiji wa Villa Cella, karibu na mji wa Reggio Emilia, waliamua kujenga shule ya watoto wadogo. Waliokota matofali na mbao kwenye nyumba zilizobomolewa na mabomu. Pesa za kuanzia walipata kwa kuuza vitu vilivyoachwa na jeshi la Ujerumani: kifaru, malori machache na farasi. Ndiyo, waliuza kifaru wakajenga chekechea! Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, alisikia habari hiyo, akapanda baiskeli akaenda kujionea. Alibaki na kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1994.

Wazazi wale walikuwa wamebeba matofali kwa mikono yao, kwa hiyo huwezi kuwafungia mlango. Mwaka 1963 mji wa Reggio Emilia ulipofungua shule yake ya kwanza ya namna hiyo, desturi ilikuwa imeshapata mizizi. Baadaye ikajulikana duniani: walimu wanaandika maneno ya watoto kama walivyoyasema, wanabandika ukutani pamoja na michoro na picha, na wazazi wanakaa kwenye vikao vya shule. Mzazi akipita anaona kazi ya mtoto wake na jinsi mtoto alivyofikiri.

Sasa mtu ataniambia: huko ni Ulaya, hapa karatasi yenyewe haitoshi, na wazazi wengi hawasomi. Ni kweli. Darasa letu lina watoto wa Kibembe, Kifuliru na Kirundi, na barua moja isingewafikia wote. Lakini mdomo tunao. Siku hizi kila mchana tunachagua watoto watano, na kila mmoja tunamwambia anayekuja kumchukua jambo moja tu: leo amegawana udongo na mwenzake, leo amelia akanyamaza mwenyewe. Kesho wengine watano. Michoro tunatundika kwa kamba nje ya dirisha.

Na tuligundua habari haiendi upande mmoja. Baba mmoja, baada ya kuambiwa yake, naye alitueleza kwamba mtoto wake anaogopa mvua ikipiga bati, anadhani ni risasi. Sisi tulikuwa tunamkemea kila akijificha chini ya benchi. Tulimwona mtukutu! Bila baba yake tungeendelea kumkemea mpaka leo.

Yule mama hakumtoa mtoto siku ile. Nilimwomba arudi kesho yake asubuhi, asiseme kitu, asimame tu mlangoni. Alikuja na mdogo mtu mgongoni. Mtoto hakumwona, alikuwa ameshika vifuniko vya chupa, anahesabu. Alifika kumi na mbili, akakosea, akaanza upya.

Mama alisimama mpaka mwisho. Ndoo yake ilikuwa bado tupu, na foleni ya maji alikuwa ameshaikosa.