Kalibu, Si Fomu Tu

Ukipita kwenye jengo siku mafundi wanapofungua mbao za jamvi, tazama rundo linalobaki pembeni. Mbao zimepasuka, zimegandiwa na zege, misumari imepinda ndani yake. Chache zitatumika tena. Nyingi zitaishia jikoni kwa mama lishe. Na hilo ni jamvi la bapa. Zege likitakiwa lipinde kama kuba, kila ubao hukatwa kwa umbo la pale pale, ukifunguliwa hauna pa kwenda.

Kazini tunasema "fomu". Nami nalitumia, ila neno hilo limeshikamana na mbao na mirunda: ukilitaja tu, fundi anatafuta msumeno. "Kalibu", lililotujia kutoka Kiarabu, ni pana zaidi. Ni chochote kinachokipa umbo kitu kinachomiminwa au kushindiliwa ndani yake, na mfyatua tofali analijua tangu zamani. Halisemi kalibu imetengenezwa kwa kitu gani. Ndiyo maana nalipendekeza, kwa sababu kalibu zisizomaliza misitu mara nyingi si za mbao.

Ipo kalibu ya udongo. Katika kisiwa cha Teshima, Japani, jumba la sanaa alilolibuni Ryue Nishizawa lilifunguliwa mwaka 2010. Wajenzi walirundika udongo ukawa kilima, wakausawazisha, wakamwaga zege juu yake. Mafundi wetu husema zege halilali, na pale nako halikulala: lilimwagwa mfululizo. Lilipokomaa, udongo ulichimbwa ukatolewa, likabaki gamba la unene wa sentimita 25 lisilo na nguzo hata moja.

Mbao nazo zisihukumiwe zote. Félix Candela, Mhispania aliyehamia Meksiko mwaka 1939, alijenga magamba yenye umbo la tandiko la farasi kwa mbao zilizonyooka. Chukua fito mbili, moja ilaze, nyingine iinamishe, kisha funga nyuzi nyingi kutoka fito hadi fito. Kila uzi umenyooka, lakini uso wote umepinda. Hiyo ndiyo siri ya paa la mgahawa wa Los Manantiales, Xochimilco, la mwaka 1958.

Mwaka 2018, jijini Mexico, watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich pamoja na wasanifu wa Zaha Hadid Architects walimuenzi kwa kibanda walichokiita KnitCandela. Kalibu yake ilifumwa kwa mashine kwa saa 36, ikasafirishwa kutoka Uswisi ndani ya masanduku ya nguo. Waliitandaza juu ya wavu wa kebo, wakatia maputo kwenye mifuko yake, wakaipaka saruji nyembamba ili ikakamae, ndipo wakaweka zege. Kitambaa na kebo vilikuwa na kilo 55 tu, vikabeba zaidi ya tani 5.

Kitambaa kile hakivuliwi. Hubaki ndani ya zege. Kwa aina hiyo tunahitaji jina, na wapo watakaosema "kalibu ya kudumu". Nalikataa, kwani kalibu ya chuma inayofyatua tofali miaka 10 nayo ni ya kudumu. Mimi naiita "kalibu baki", na ile inayofunguliwa iwe "kalibu vuliwa".