Nambari ya kitambulisho si neno la siri

Najua nimekuwa kimya kwa karibu miezi miwili, na wengine mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa nashughulikia deni. Deni lenyewe si langu, na si la mama yangu pia, ingawa karatasi zilisema ni la mama.

Kisa ni hiki. Mama ni mkulima wa kahawa na maziwa huko Tetu, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Alienda kwenye sacco yake kuomba mkopo wa kununua ng'ombe wa pili. Wadhamini alikuwa nao, akiba alikuwa nayo. Karani akaangalia kompyuta, kisha akamwambia: "Mama, umeorodheshwa CRB. Una deni la shilingi 6,800 la programu ya simu, na hujalipa kwa zaidi ya mwaka." Sasa jamani, simu ya mama ni ile ya mulika mwizi. Ina vitufe, redio na tochi. Haiwezi kubeba programu ya mikopo hata ukiibembeleza. Akamweleza karani hivyo. Karani, kwa upole tu, akasema kompyuta inaonyesha ni yeye.

Mama akauliza: "Kwani hiyo kompyuta iliniona?"

Karani hakuwa na jibu. Mimi niliyesomea kompyuta chuo kikuu miaka minne pia sikuwa na jibu la haraka. Nikaanza kusoma, nikagundua kwamba swali la mama ni la zamani kuliko kompyuta yenyewe. Kwa hiyo leo tuzungumze historia kidogo. Mwenye haraka aruke hadi mwisho, hatua tulizofuata ziko huko.

Tuanze na kipande. Kitambulisho chetu hakikuzaliwa ili kumsaidia mwananchi aonyeshe yeye ni nani. Kilizaliwa ili mwajiri aweze kumpata mfanyakazi aliyetoroka. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Karatasi hiyo ilikaa ndani ya kijikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Ukiondoka kwa mzungu bila yeye kutia sahihi kwamba amekuachilia, hukuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Ndiyo maana kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya Harry Thuku na wenzake mwaka 1921, mpaka alipokamatwa Machi 1922 na polisi wakaufyatulia risasi umati uliokuja kumtetea jijini Nairobi.

Lakini hebu tukitazame kipande kwa macho ya mwandishi wa programu. Kina vitu viwili tofauti ndani yake. Kuna jina na nambari, ambavyo vinajibu swali "huyu anaitwa nani?" Halafu kuna alama za vidole, ambazo zinajibu swali "je, huyu aliye mbele yangu ndiye?" Wakoloni walikuwa na ubaya wao, lakini hawakuvichanganya vitu hivyo viwili. Walijua karatasi inaweza kuazimwa, kidole hakiazimwi. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Mwaka 1947 ilikuja sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote. Walowezi wakaja juu: iweje mzungu achukuliwe alama za vidole kama mhalifu? Mwishowe waliojua kuandika waliruhusiwa kutumia picha na sahihi. Kisha ikaja Hali ya Hatari ya 1952 hadi 1960, na huku kwetu Mlima Kenya, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatakiwa kubeba kitabu cha pasi pia. Wanawake hawakupewa kitambulisho mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Yaani nyanya yangu alizaa na kulea watoto wake wote, akachuma kahawa miaka na miaka, kabla serikali haijampa nambari.

Wakati huohuo wa Hali ya Hatari, Nyeri ilipata daftari jingine, na hili ndilo lililonifungua macho. Mwaka 1954 afisa wa kilimo aitwaye Roger Swynnerton alitoa mpango wake: vipande vya ardhi viunganishwe, kila mkulima apimiwe shamba moja, apewe hati, na kwa hati hiyo aweze kukopa. Mkopo kwa mkulima wa Nyeri, kwa maana ya benki na karatasi, umefungamana na daftari tangu siku hiyo. Tatizo ni kwamba daftari liliandikwa wakati maelfu ya wenyewe walikuwa kizuizini, Manyani, Mwea na kwingineko. Wengi walirudi wakakuta shamba limeandikwa kwa jina la mwingine. Walisema hawakuwepo. Daftari likasema vingine.

Na mbaya zaidi: sheria ya ardhi iliyosajiliwa ya mwaka 1963, kifungu cha 143, iliruhusu mahakama kurekebisha daftari kama uandikishaji ulipatikana kwa ulaghai, isipokuwa kama ulikuwa uandikishaji wa kwanza. Soma tena pole pole. Kama mtu alikuwa wa kwanza kuandikwa, hata kwa ulaghai, daftari halikuguswa. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 2012. Nilipomsomea mama kifungu hicho hakushangaa hata kidogo. Alisema baba yake alikuwa akikieleza bila kukisoma.

Sasa turuke mpaka Marekani kwa dakika moja, kwa sababu wao walifanya kosa letu mapema. Mwaka 1936 walianza kutoa nambari za hifadhi ya jamii. Mwaka 1938 kampuni moja ya pochi huko Lockport, New York, ilitaka kuonyesha jinsi kadi hiyo inavyokaa vizuri kwenye pochi. Ikachapisha kadi ya mfano ikiwa na nambari halisi ya katibu wa ofisini, Hilda Whitcher. Pochi ziliuzwa madukani nchi nzima, na watu wakaanza kutumia nambari ya kwenye pochi kama yao. Mwaka 1943 peke yake watu 5,755 walikuwa wakiitumia, na kwa miaka yote jumla ilizidi 40,000. Bi Whitcher alilazimika kupewa nambari mpya. Hakuibiwa chochote, nambari yake ilijulikana tu. Miaka ikapita, benki za huko zikaanza kuichukulia nambari hiyo kana kwamba ni siri ambayo mwenyewe tu anaijua, na matunda yake Wamarekani wanayavuna hadi leo.

Rudi Nyeri. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Kumbuka kile kitabu cha wakala: tarehe, jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, kiasi, sahihi. Ukisubiri zamu yako ulisoma maelezo ya waliokutangulia hata bila kutaka. Ingia jengo lolote lenye ofisi mjini, bawabu anakupa kitabu kama hicho hicho. Usajili wa laini za simu ulipoanza mwaka 2010, vijana walikaa chini ya miavuli barabarani wakinakili vitambulisho vya watu. Kwa hiyo nambari ya mama yangu imeandikwa kwenye vitabu vingapi? Pengine mia. Nambari inayojulikana na mabawabu mia moja haiwezi kuwa siri.

Lakini Novemba 2012 ilikuja M-Shwari, mkopo wa kwenye simu bila fomu wala kupanga foleni. Nisieleweke vibaya, lilikuwa jambo kubwa, na watu wengi walikopa kwa mara ya kwanza maishani. Baada yake programu za mikopo zikaanza kumiminika kuanzia 2014, na Fuliza ikaja Januari 2019. Upande wa pili, kanuni za kuorodhesha wadaiwa zilianza kutumika mwaka 2009, na ofisi ya kwanza ya CRB ikapata leseni mwaka 2010. Mwanzoni zilipeleka sifa mbaya tu. Kuanzia kanuni za 2013 zikapeleka nzuri na mbaya. Sasa mkopo unatolewa kwa dakika, na sifa yako inaandikwa kwenye daftari ambalo hujawahi kuliona.

Hapa ndipo kosa lilipo. Kompyuta nyingi zinapouliza "je, ni wewe?", zinachofanya ni kulinganisha jina na nambari ya kitambulisho na rejista ya serikali. Vikilingana, zinasema ndiyo. Lakini kulingana kwa jina na nambari kunathibitisha kwamba mtu huyo yupo duniani. Hakuthibitishi kwamba ndiye anayeomba. Tumechukua nusu ya kipande, ile ya jina, tukaiacha nusu ya kidole, halafu tukaiita nusu hiyo uthibitisho.

Nasema "tumechukua" kwa sababu nami nimo. Nikiwa mwaka wa mwisho chuoni niliwaandikia chama kidogo cha akiba programu yao. Mwanachama aliingia kwa nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa. Nililipwa, nikashukuriwa, nikanunua viatu. Yeyote aliyewahi kushika kitabu cha bawabu angeweza kuingia. (Nimewapigia simu wiki iliyopita. Programu bado inatumika. Ninairekebisha bila malipo.)

Dalili zilikuwepo. Juni 2021 msajili wa vyama vya siasa alipowawezesha wananchi kujikagua mtandaoni, Wakenya wengi walijikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawakuvisikia. Tulicheka sana siku hiyo. Hatukujiuliza: kama jina na nambari vinatosha kukuingiza kwenye chama, vinakuingiza wapi kwingine? Mwaka uliofuata washukiwa walikamatwa wakituhumiwa kusajili laini kwa vitambulisho vya watu wengine na kuzikopea Fuliza. Hapo kicheko kiliisha.

Haya, kwa mama ilikuwaje? Tulifanya hivi, na wewe ukipatwa fanya hivi:

1. Bonyeza *106# kwenye laini ya Safaricom uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mama alikuta laini ambayo hakuwahi kuishika. Tuliikana na ikafungwa.

2. Omba ripoti yako ya CRB kutoka kwa kila ofisi, kwa mfano Metropol na Creditinfo. Una haki ya kupata ripoti moja bila malipo kila mwaka. Usiangalie moja tu, kwani deni linaweza kuonekana huku na lisionekane kule.

3. Nenda polisi uandikishe na upewe nambari ya OB. Kutumia utambulisho wa mtu mwingine kwa ulaghai ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018, faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

4. Mwandikie mkopeshaji, kwa maandishi, si kwa simu. Usimwambie tu "si mimi". Muulize: pesa zilitumwa kwa nambari gani ya simu, lini, na mlithibitishaje kwamba ni mimi? Swali la tatu ndilo lililotusaidia. Hawakuwa na jibu.

5. Pinga deni kwenye ofisi ya CRB pia, ukiambatisha OB. Wakikupuuza, sheria ya kulinda data ya 2019 inakupa haki ya kudai taarifa za uongo zirekebishwe au zifutwe. Peleka lalamiko kwa Kamishna wa Data, na kwa Benki Kuu kama mkopeshaji ana leseni yake.

6. Usilipe "kidogo tu ili waniache". Ukilipa, umekiri. Mama alikuwa tayari kulipa zile 6,800 ili apate ng'ombe wake. Nilimzuia, na tuligombana kwa hilo, sitaficha.

Ilichukua wiki saba. Barua ilikuja ikisema jina lake limeondolewa. Haikuomba radhi. Ng'ombe aliyemtaka alikuwa ameshauzwa kwa jirani, na bei zimepanda. Sacco imempa mkopo sasa, bado anatafuta mwingine.

Tukilinganisha na miaka ya babu, tumepiga hatua: siku hizi daftari linaweza kusahihishwa. Lakini mzigo bado ni wa yule aliyeandikwa bila kuwepo. Ni yeye anayepanda matatu kwenda mjini mara sita, ni yeye anayepaswa kuthibitisha kwamba hakukopa, wakati aliyetoa pesa hakuulizwa alimthibitisha nani. Kitambulisho kipya cha Maisha kina chipu, vizuri. Chipu haitasaidia kitu kama fomu zetu zitaendelea kuuliza nambari peke yake.

Kwa wenzangu mnaoandika programu, ombi langu ni dogo. Nambari ya kitambulisho ni jina. Itumieni kumwita mtu, msiitumie kumfungulia mlango. Kabla hujaandika kwamba fulani amekubali kukopa, mfikirie mkulima wa Tetu mwenye simu ya tochi, halafu ujibu swali lake: programu yako ilimwona?

Tutaonana wiki ijayo, Mungu akipenda. Na ukimjua mtu anayeuza ng'ombe mzuri wa maziwa karibu na Nyeri, niandikie.