China: Ardhi Yalinda Kuliko Pingu



Miji ya China ina mamilioni ya watu, lakini wanaolala barabarani ni wachache mno kuliko ambavyo mgeni angetazamia. Wako wasemao kwamba hiyo ni kazi ya polisi. Historia yaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na ardhi.

Baada ya ushindi wa mapinduzi mwaka 1949, Sheria ya Ardhi ya 1950 iliwanyang'anya makabaila mashamba na kuwagawia wakulima. Baadaye mashamba hayo yakawa mali ya ushirika wa vijiji. Hata yalipokabidhiwa kila kaya kulima, baada ya 1978, hayakuruhusiwa kuuzwa. Hivyo mwanakijiji aliyekwenda mjini kutafuta kibarua, kazi ikimwishia, alikuwa na shamba na kiwanja cha kurudia. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mjini nako, kiwanda cha serikali kilimpa mfanyakazi wake nyumba kwa kodi ndogo, mpaka utaratibu huo ulipoanza kukomeshwa mwaka 1998. Aidha, desturi iliwataka watoto wawatunze wazee wao.

Lakini tusifiche upande wa pili. Kanuni za kuandikisha kaya za mwaka 1958 zilimfunga mkulima kijijini kwake, na katika njaa kuu ya 1959 hadi 1961 wengi walizuiwa kuikimbia. Mwaka 1982 zikatolewa kanuni za kuwakamata wazururaji mijini na kuwarudisha makwao. Machi 2003, mjini Guangzhou, polisi walimkamata Sun Zhigang, kijana wa miaka 27, msanii wa michoro mwenye kazi, kwa kuwa hakuchukua vyeti vyake. Siku tatu baadaye alikufa kutokana na kipigo, akiwa kizuizini. Wananchi walighadhibika. Juni mwaka huo huo serikali ikafuta kanuni hizo na kuweka vituo vya msaada, ambavyo mtu huingia na kutoka kwa hiari yake.

Ndugu askari, hapo ndipo penye fundisho. Kamata-kamata humwondoa maskini machoni petu, lakini haimpi pa kulala. Kijana yule hakuwa mhalifu wala mzururaji. Kosa lake lilikuwa karatasi. Na huko China kwenyewe, mashamba mengi ya vijiji yamekwisha kuchukuliwa kwa ujenzi wa miji. Aliyepoteza shamba hilo hana tena ngama ya kurejea, na pingu haziwezi kumjengea nyingine.